Dirisha la Mama Mkwe

"Ukihamisha swichi, muulize akaaye nyuma." Mmeisikia jana kwenye mkutano, mzee mmoja alipomkatiza mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwisha kupanga pa kulipeleka bomba la maji bila kuwauliza wanaochota. Watu wakacheka, mwenyekiti akakaa chini. Na ninyi mkacheka, kwa sababu watu wamecheka, kisha asubuhi hii mmenijia mbiombio mkitaka kujua ni swichi gani hiyo, na nyuma ya nini. Haya. Kuuliza si ujinga. Kaeni, lakini mwenye simu aiweke mfukoni, maana mimi sirudii maneno. Methali hii ilizaliwa namna hii.

Hapa milimani palikuwa na bwana mmoja, Saguti, karani wa ghala la mbao. Alikuwa mtu mwema, ila mikono yake haikujua kutulia. Pasi ikiharibika kwa jirani, yeye ameshaifungua. Redio ikiwa nzima, ataifungua vilevile aone kwa nini ni nzima. Mkewe, Tunu, alikuwa akimwambia, "Bwana wewe, siku moja utanifungua na mimi uangalie ndani kuna nini." Naye hucheka, huku bisibisi iko mfukoni.

Alipojaliwa kununua gari dogo la mkono wa pili, kitu kilichomvutia kuliko vyote kilikuwa vioo vya madirisha. Vilikuwa vya umeme. Unabonyeza swichi, kioo kinashuka, unainyanyua, kinapanda. Saguti alikaa humo garini akivipandisha na kuvishusha mpaka Tunu akatoka kumwuliza kama atakula au atashiba vioo.

Sasa, walikuwa na mtoto wa miaka minne, Nasra. Siku moja Nasra alikuwa amekaa kiti cha nyuma, akachezea swichi, kioo kikapanda na kumbana vidole. Alilia mtoto yule mpaka watu wakatoka majumbani. Vidole havikuvunjika, alhamdulillahi, lakini kucha mbili ziligeuka nyeusi. Saguti akampakata mwanawe. Akasema, "Basi! Kuanzia leo vioo vya gari hili vitapanda na kushuka kwa mkono wangu tu."

Jumamosi akaliegesha gari uani na kung'oa vifuniko vya ndani vya milango ya nyuma. Akazitoa swichi zote mbili, akaenda mbele kujaribu. Wapi! Vioo vya nyuma havikusogea hata kwa swichi za dereva. Mwingine angekata tamaa, lakini Saguti ndiyo kwanza akafurahi, maana amepata la kuchunguza. Akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole hadi akagundua kwamba umeme wa dereva hupita kwanza kwenye swichi ya nyuma ndipo uifikie mota ya kioo. Ukiitoa swichi, umekata daraja. Akaunganisha nyaya, akazifunga kwa tepu, kioo kikashuka. Lo, alipiga kelele kama kafunga goli!

Hakuishia hapo. Akatengeneza ubao mzuri wa mvule, akauweka kati ya viti vya mbele, na swichi zote nne akazipanga hapo. Matundu ya milango ya nyuma akayaziba kwa vipande vya mbao alivyovipiga msasa na vanishi mpaka vikang'aa. Jioni majirani walikuja kubonyeza. Tunu alisifu, Nasra alisifu. Mtu mmoja tu hakuwapo, mama yake Tunu, Bi Mwanamvua, aliyekuwa akikaa kwake ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemkumbuka.

Na huyo ndiye aliyekuwa akikaa nyuma.

Hapa lazima niwaeleze, maana ninyi wa leo mnakula sahani moja na wakwe zenu. Kwa watu wa kale kama Bi Mwanamvua, mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Saguti akikutana naye njiani hujitupa majanini mpaka mama apite. Wakiwa na neno, Tunu ndiye daraja: huyu anamwambia Tunu, Tunu anamrudishia yule, ingawa wote wamo chumba kimoja na wote wanasikia. Na garini, Saguti alikuwa akikipindua juu kile kioo cha kutazamia nyuma, ili macho yake yasikutane na ya mama mkwe. Adabu kubwa hiyo. Aliendesha hivyo kona zote za kushuka Mombo, akimtegemea Mungu na vioo vya pembeni.

Mwaka huo macho ya Bi Mwanamvua yalianza kuingia ukungu. La kulia lilikuwa karibu limefumba, la kushoto likifuata. Wakaambiwa hospitali ya bondeni watakuja madaktari wa macho, wafike kwanza wapimwe. Siku ya kupimwa wakaondoka watu watatu, Tunu na mumewe mbele, mama nyuma ya dereva. Walipofika Soni, Tunu akashuka kumpelekea shangazi yake dawa. Akasema, "Ninyi tangulieni, mimi nitawakuta huko." Kwa hiyo kona zilizobaki zikawa za watu wawili wasiosemeshana.

Rasharasha ikaanza. Saguti akanyoosha mkono kwenye ubao wake, vioo vinne vikapanda kwa pamoja. Moyo wake ulijaa raha. Akateremka taratibu, kona baada ya kona, bila kusikia neno nyuma yake, akaona safari imekuwa njema.

Walipofika hospitalini, kabla gari halijatulia vizuri, mama akafungua mlango na kutoka. Saguti alimwona mgongo tu, anakwenda upesi upesi, kanga moja amejifunika, ya pili ameikunja na kuibana kwapani. Macho yalipimwa na tarehe ya kupasuliwa ikapangwa. Lakini wakati wa kurudi mama akamwambia Tunu kwamba yeye atapitia kwa dada yake, kisha atapanda basi. Na gari hilo, akasema, hatalipanda tena.

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema silipandi."

Tunu alirudi uso umevimba. "Ulimfanya nini mama yangu?" akamwuliza mumewe.

"Mimi? Hata kukohoa sikukohoa!"

"Mtu haondoki kwenye gari akaapa hivi hivi. Kuna kitu."

Basi Saguti akaanza kuchunguza, kama alivyozoea kuchunguza pasi. Je, alikwenda kasi? Hapana. Redio? Ilikuwa imezimwa. Ndani ya gari aliona kuna harufu ya uchachu, akasema labda maziwa ya Nasra yamemwagika, akaosha mazulia kwa sabuni. Akaweka na mto kwenye kiti. Kila alichotengeneza alimtuma Tunu akaseme, na kila mara jibu likarudi lile lile.

Siku zikasogea. Masika yakazidi, barabara ya bondeni ikamegeka upande mmoja, mabasi yakazuiwa, yakawa yanapita magari madogo tu. Kukodi gari la mtu mwingine Bi Mwanamvua alikataa pia, kwa kuwa mji mzima ungeuliza lile la mkwewe lina nini. Madaktari wangekaa juma moja tu, kisha wanarudi kwao. "Nitabaki na giza langu," akasema. "Nimekwisha ona ya kutosha." Tunu alipoyaleta maneno hayo nyumbani hakulia. Aliweka chakula mezani, akaenda kukaa kwenye ngazi peke yake.

Saguti hakuonja chakula kile. Alisikia uchungu, tena uchungu wa mtu asiyejua kosa lake. Akaenda kukaa kwenye ngazi karibu na mkewe.

"Tunu, kesho wewe uendeshe," akasema. "Mimi nitakaa anapokaa mama. Vioo vyote ufunge, kioo cha katikati ukipindue juu, na usinisemeshe mpaka tufike chini. Na mimi sitasema. Nataka kujua kile anachokijua yeye."

Tunu alikuwa na leseni, na hasira pia alikuwa nazo, kwa hiyo agizo la kutosemeshana alilishika barabara. Asubuhi wakaondoka. Saguti akakaa nyuma, amevaa kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, aliyoolea, akitazama kila kitu kwa makini. Hadi Soni hakuona la ajabu. Kisha zikaanza kona.

Kona ya kwanza, tumbo likayumba. Nyingine, mate yakamjaa kinywani. Jasho jembamba likamtoka, gari likawa dogo, hewa ikawa nzito. Mkono wake wenyewe, bila kuagizwa, ukaenda mlangoni kutafuta pa kubonyeza. Ukakuta mbao. Vidole vikateleza juu ya vanishi, vikarudi, vikateleza tena. Alitaka kuita, akakumbuka kwamba mama asingeita. Angemwitaje? Angeanza na neno gani, mkwe na mkwewe peke yao? Akafumba macho na kuuma meno. Kona iliyofuata ikamshinda. Akavua kofia, akatapika humo.

Tunu aliposikia akashika breki. "Masalale! Una nini?"

Saguti alitoka, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, kofia mkononi. Alipopata pumzi akauliza, "Ile kanga mama aliyoibana kwapani siku ile, uliiona tena?"

Tunu akafikiri. "Aliifua huko huko kwa dada yake. Nikamwuliza, mbona unafua kanga mpya? Akaniambia ninyamaze."

Akaitazama kofia. Akamtazama mumewe. Akaweka mkono mdomoni.

"Miaka yote akipanda gari hufungua dirisha, nami nimedhani anapenda upepo," akasema polepole.

Wakageuza gari, mara hii madirisha yote wazi.

Kurudisha swichi hakukumsumbua Saguti. Alikibandua kile kibao upande wa mama, akaunganisha nyaya upya, akajaribu, kioo kikashuka. Upande wa Nasra akauacha umezibwa. Lakini kilichomkalisha chini ni hiki: atamwambiaje? Akisema tu, "Mama, dirisha lako nimelitengeneza," mama atajua kwamba siri imejulikana, na aibu aliyoikunja kwenye kanga itakuwa imefunuliwa mbele ya mkwewe. Hatapanda gari hilo wala hataonekana tena. Akawaza sana. Mwisho akavuka mto na mkewe, akasimama nje ya ukuta wa jiko la mama, kichwa wazi. Tunu akasimama mlangoni.

"Mwambie mama nimekuja kusema aibu yangu."

"Mama, anasema amekuja kusema aibu yake."

Ndani mwiko ukawekwa chini. Kisha, "Mwambie aseme."

"Mwambie jana nilikaa kiti cha nyuma, tukashuka kona. Nikashikwa na kichefuchefu. Nikatafuta pa kufungulia dirisha, nikakuta mbao niliyoiweka mwenyewe, nami nimekwisha kuibandua. Mwambie mimi, mwanamume mzima, nimetapika kwenye kofia."

Tunu akaanza kurudia, "Mama, anasema alitapika kwenye..." Kicheko kikamkaba, akashindwa kumaliza.

Halafu ikasikika sauti ya mama, "Muulize, kofia gani?"

"Ya harusi," akajibu Saguti, akisahau daraja.

Ndani ya jiko kikaanza kicheko kidogo kidogo, kikakua, kikawa kile cha mtu anayejishika mbavu. Bi Mwanamvua alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia alikuwa anajifuta machozi, na machozi yale hayakuwa ya kucheka peke yake.

"Mwambie sasa ni mwenzangu wa aibu," akasema. "Nami nitapanda. Lakini mwambie na hili alishike: mtu akihamisha swichi, amuulize akaaye nyuma."

"Bwana, anasema mtu akihamisha..."

"Nimesikia," akasema Saguti. Na siku hiyo hakuna aliyemkemea.

Alhamisi wakashuka. Mvua ilikuwa inanyesha, na mama akafungua dirisha lake shubiri nzima, akaweka uso pale kona zote. Maji yalimpiga Saguti shingoni mpaka shati likamganda mgongoni. Hakugusa swichi.

Akapasuliwa. Siku ya kufunguliwa bandeji, muuguzi aliiondoa polepole, mama akapepesa macho mara kadhaa. Tunu alikuwa ametoka kuleta chai. Aliyesimama mbele ya kitanda, na mfuko wa matunda mkononi, alikuwa Saguti, naye hakuwahi kugeuka.

Bi Mwanamvua akamtazama, tangu juu hadi chini, bila haraka. Kwa miaka saba alimjua kwa kikohozi chake na mlio wa viatu vyake.

"Kumbe ndiwe huyu," akasema. Kisha akajifunika kanga, lakini polepole sana.

Yeye na binti yake ndio walioyaeneza maneno yale, kwanza kwa ndugu, kisha msibani na harusini, mpaka yakafika kwenye mikutano ya bomba, yakamkalisha mwenyekiti asiyejua hata gari lenyewe lilikuwa la nani. Mtu anaweza kuwa na nia safi kabisa, kama Saguti alivyotaka kuokoa vidole vya mwanawe, na bado akamfungia mwingine pumzi. Na yule aliyefungiwa huenda hana njia ya kukuita. Kwa hiyo msingoje aite. Ukihamisha swichi, muulize akaaye nyuma.