Kuni Nene za Ambilikile

Tanuri bichi halilishwi kuni nene.

Mmeisikia asubuhi, fundi Kyando alipokataa yule dereva mgeni wa kazi asipewe lori la viazi kushuka nalo mlima, mkaanza kuulizana tanuri limeingiaje kwenye habari za lori. Basi sogeeni niwaambie. Methali hii haikuletwa kutoka mbali. Ilizaliwa huku huku kwetu Uporoto, na mwanzo wake ni huu.

Palikuwa na mpasua mbao mmoja aliyeitwa Ambilikile. Mwili wake haukujua kutulia. Akikaa kula, goti lilikuwa linatikisika mpaka sahani inacheza. Chai aliinywa amesimama mlangoni, na mara nyingi aliiacha nusu akaenda zake. Majirani walimtania kwamba hata usingizini anatembea. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mkewe Subilaga alimpenda waziwazi, bila kujali nani anamcheka.

Mungu alikuwa hajawajalia mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ilipofika, Ambilikile alizidi kuhangaika. Alikuwa akiacha msumeno porini katikati ya gogo na kukimbia nyumbani kumwangalia tu mkewe, kisha anarudi. Mtoto akaja kabla ya miezi yake kutimia, mwezi wa Juni, wakati wa baridi ile inayogandisha umande juu ya majani ya viazi. Alikuwa msichana, mdogo kiasi cha kutosha katika viganja vya baba yake.

Daraja la kuelekea hospitali lilikuwa limesombwa na masika. Mkunga wa zahanati alimtazama yule mtoto, akawatazama wazazi, akasema, "Safari kwa njia ya porini itamuua. Mtunzeni hapa hapa. Akae kifuani, ngozi kwa ngozi. Chumba kiwe na joto, lakini moshi asiuvute hata kidogo. Na jiko la mkaa msithubutu kuliingiza ndani."

Sasa chumba kitapataje joto bila moto? Ambilikile alikwenda mbio kwa dada yake, Tupokigwe, mfinyanzi wa vyungu ambaye tangu usichana alikuwa akiishi na udongo na moto. Tupokigwe alisikiliza, akasema, "Moto tuuweke nje. Joto ndilo tuliingize ndani."

Wakaanza kazi. Nje, wakiegemeza kwenye ukuta wa chumba, walijenga tanuri la mawe na udongo, tumboni mwake wakalaza pipa la chuma la kuchomea kuni. Nyuma ya pipa walichimba mfereji uliopita chini ya sakafu ya chumba, wakaufunika kwa mawe bapa na kuyakandika. Mfereji ukatokea upande wa pili wa nyumba, kwenye dohani ya kutolea moshi. Moshi upite chini uende zake, na sakafu ibaki na joto lake.

Udongo ulitoka kichuguuni. Waliuchanganya na mchanga, jivu na nyasi kavu zilizokatwakatwa, wakaukanyaga kwa miguu. Ambilikile alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Kila akikandika matonge mawili matatu alikimbilia ndani kugusa nyayo za mtoto, akatoka tena. Tanuri likasimama, likiwa bado linang'aa maji.

"Sasa liache," Tupokigwe alisema. "Lipigwe na upepo kwanza. Kisha tutalipasha kwa vijiti na magunzi, moto wa kuotea mikono tu, mpaka liache kutoa jasho."

"Litaacha lini?"

"Likikauka."

"Dada, mwanangu ana baridi sasa hivi!"

"Najua. Ndiyo maana nakusihi."

Tupokigwe akaenda kwake kuwapikia watoto. Ambilikile akaingia chumbani. Subilaga alikuwa amejikunja na mtoto kifuani, midomo yake mwenyewe ikitetemeka. Homa ya uzazi ilikuwa imeanza kumnyemelea. Ambilikile akagusa nyayo zile. Baridi. Akatoka, akazunguka tanuri mara kadhaa, akalishika, akaona maji viganjani. Akasema moyoni kwamba moto ndio unaokausha, na moto mkubwa utakausha upesi.

Hakuwa mtu wa kukosa kuni. Alibeba mapande ya mti wa mlingoti, manene kama paja, akayashindilia mdomoni mwa pipa mpaka mlango ukakataa kufunga. Moto ukanguruma. Na kwa kitambo, wajukuu zangu, ilionekana kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi! Sakafu ikaanza kuwa vuguvugu. Subilaga akatabasamu. Ambilikile akapiga kofi la furaha na kwenda kuongeza pande jingine.

Hapo ndipo udongo ulipoanza kulia. Kwanza sauti nyembamba, kama chungu kinachokaribia kuchemka. Mvuke ukatoka ubavuni. Kisha, pu! Ubavu wote wa tanuri ukamwagika nje, na udongo mbichi uliofunika mfereji ukafunguka toka huku hadi kule. Moshi ukapanda chumbani kupitia sakafuni.

"Ambilikile! Mtoto!"

Alijitosa ndani akawatoa wote wawili. Mtoto alikohoa, sauti ndogo kama ya kifaranga, kisha akanyamaza. Subilaga akampulizia usoni, akamsugua mgongo, akamwita ingawa hakuwa na jina bado. Ambilikile alisimama katika upepo, mikono imemning'inia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na pa kwenda. Ndipo mtoto akalia.

Tupokigwe alifika akihema. Alikuwa ameona moshi. Alitazama kifusi, akatazama kuni nene zikiendelea kuwaka ndani yake. Hakumgombeza kaka yake.

"Vua shati," alisema.

"Nini?"

"Vua shati. Mwenzio ana homa, hana joto la kumpa mtu. Joto la mtoto huyu ni wewe, mpaka tanuri lisimame tena. Ukae, na usiinuke."

Wakafungua madirisha moshi ukatoka, wakaziba ufa wa sakafu. Ambilikile akakaa juu ya kigoda, mgongo ukutani, mtoto kifuani, blanketi juu yao. Goti lake likaanza kutikisika. Mtoto akashtuka. Akalizuia. Likaanza tena, mtoto akashtuka tena. Nawaambieni, kupasua mti mzima kwa msumeno wa mkono kulikuwa rahisi kwake kuliko kulituliza goti lile.

Nje alimsikia dada yake akikanyaga udongo, akikandika, akivunja vijiti.

"Dada, bado?"

"Bado."

"Ongeza kidogo tu."

"Nikiongeza litapasuka, na wewe ukiinuka mtoto atapoa. Kaa."

Akakaa. Jua likapanda na kushuka, na kupanda tena. Majirani walimletea chakula, Subilaga akipata nafuu alimpokea mtoto, kisha wakapokezana tena. Ambilikile alichungulia dirishani, akaona moshi mwembamba wa magunzi, na machozi ya maji yakitiririka ubavuni mwa tanuri. Alitamani kupiga kelele. Chini ya mkono wake akasikia moyo mdogo ukipiga, mwepesi, haukuchoka. Akafunga macho, akaanza kupumua pamoja nao.

Alasiri moja Tupokigwe alilaza kiganja juu ya tanuri, kisha akaweka shavu. Kavu.

"Nipeni ukuni mmoja," alisema. "Mwembamba."

Joto likaja polepole chini ya sakafu, na halikuondoka.

Tangu siku hiyo Ambilikile ndiye aliyelitunza. Aliliacha lipoe kidogo kila asubuhi, akazoa jivu, akatafuta nyufa kwa ncha ya kidole na kuziziba kwa udongo laini. Masizi ya dohani aliyasugua kwa fungu la matawi. Mtoto akaanza kunyonya mwenyewe, mashavu yakaanza kujaa, wakampa jina, Atupakisye.

Ndipo shangazi yake Subilaga, Atuganile, alipokuja kuwaona, amebeba chungu cha uji wa ulezi uliokolea karanga.

"Mbona mwembamba hivi?" alisema akimtazama mtoto. "Maziwa matupu ni maji. Mpeni uji huu apate nguvu upesi."

Subilaga akainama. Huyo alikuwa mkubwa wake, atamkataliaje? Akamtazama mumewe kwa hofu, kwa maana alimjua: neno "upesi" lilikuwa chakula chake.

Ambilikile akapiga goti, akakipokea chungu kwa mikono miwili.

"Tunashukuru sana, shangazi. Lakini tanuri bichi halilishwi kuni nene."

Subilaga akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea peke yake. Walipomweleza shangazi yote yaliyopita, alimpakata mtoto taratibu, akasema, "Basi mama mtu aunywe. Huyo ndiye tanuri lililokauka." Subilaga akaunywa wote.

Shangazi ndiye aliyelitembeza neno lile. Alilisema kwa wenye wakwe wapya, kwa mafundi wenye wanagenzi, likavuka milima likamfikia hata Kyando. Wapo wanaodhani ni neno la kumkatisha tamaa mtu mchanga. Sivyo. Tanuri bichi halinyimwi moto. Bila moto halitakauka kamwe. Hupewa moto linaouweza leo, na anayeliwashia hukaa karibu nalo, hata kama magoti yake yanawaka kwa hamu ya kuinuka.

Ndiyo maana tunasema: tanuri bichi halilishwi kuni nene.