Kiboko Aliyefumba Kinywa

Paukwa!

Mbona mnanong'ona? Mwenye usingizi akalale kwao. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani, zamani za kale, Jumbe mmoja alimnasa Kiboko jike, akamtia katika bwawa lenye ua wa magogo. Mlinzi wake alikuwa Kibwana, mtu mwema, ila mwepesi wa kuamua.

Kiboko akazaa. Kibwana akaona mtoto anazama, anaibuka, anazama tena.

"Lo! Mama anamzamisha mwanawe!"

Mtoto alipopanda ukingoni, Kibwana akamtoa, akamfungia nje ya ua.

Mama akaja. Akafungua kinywa aseme, "Bwana, mwanangu hunyonya humo majini!" Kibwana kuyaona meno yale, asikilize nini tena? Miguu niponye!

Mtoto akaletewa maziwa ya mbuzi. Akakataa. Mama akafungua kinywa, "Nirudishieni!" Watu miguu niponye.

Akaletewa maziwa ya ng'ombe. Akakataa. Mama akafungua kinywa. Watu miguu niponye.

Akaletewa uji. Akapiga chafya, uji wote usoni mwa Kibwana. Msicheke, maana baada ya hapo kichwa cha mtoto hakikuinuka tena. Mtoto alikuwa anakufa njaa, na mama yake anamwona.

Mama akawaza, "Nikisema wanakimbia. Basi ninyamaze." Akatoka majini jua la utosi, ngozi ikimchoma, akalala ubavu kando ya ua, kinywa kakifumba.

Akapita Mwanaheri, mkewe Kibwana, amembeba mwanawe mchanga, Hidaya. Akaona chuchu za Kiboko zinadondosha maziwa mchangani.

"Baba Hidaya! Njoo uone, maziwa yamemjaa mpaka yanamwagika. Mimi nisipomnyonyesha huyu asubuhi moja tu, kifua kinaniuma nalia. Huyu je?"

"Mbona sijamwona akinyonyesha?"

"Wewe uliyaona maji tu, mume wangu. Mfungulie mwanawe."

Kibwana akafungua lango. Mtoto akajikokota kwa mama, akanyonya pale pale nchi kavu. Alipopata nguvu wakaingia bwawani. Mtoto akakunja masikio, akabana pua, akazama.

Kibwana akakimbilia ukingoni. Mtoto akaibuka, akapumua, maziwa mdomoni. Akazama tena. Safari hii Kibwana alikaa kitako, akangoja.

Basi, wanangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usimpokonye mama mtoto kwa jambo uliloliona juu juu.

Hadithi yangu imenyonya, imeshiba, imelala. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.