Si wa Kwetu Hawa

Ndugu zangu, najua mmechoka. Nawaona. Hata mimi magoti yananiuma. Basi leo niwape habari ya mtu aliyechoka kama sisi.

Alikuwa mfanyakazi wa reli katika mji mdogo wa Bulgaria, huko Ulaya, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Tumwite Rangeli. Kazi yake ilikuwa kuziruhusu treni: akiinua bendera, treni inaondoka, asipoinua, inangoja. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa fundi viatu Myahudi, tumwite Nisimu. Serikali ya nchi ile ilikuwa imeungana na Wajerumani, na Wajerumani walitaka Wayahudi wote wapelekwe kwao wakauawe.

Asubuhi moja askari wakamchukua Nisimu na mkewe, wakawafungia katika uwanja wa shule pamoja na Wayahudi wengine wa mji. Mnadhani Rangeli alifunga dirisha? Hata! Alikwenda na koti lake la kazi akasimama getini. Wakaja waoka mikate, wakaja akina mama, akaja hata padri. Baridi inakata masikio, wao hawabanduki.

"Nendeni makwenu," ofisa akawaambia.

"Huyu ni jirani yangu," Rangeli akajibu. "Mkimpeleka, nipelekeni na mimi."

Walisimama pale siku mbili, wakipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Siku ya tatu ikaja amri kutoka mji mkuu: waachiwe. Watu wakalia, wakakumbatiana. Rangeli akaenda moja kwa moja kazini, miguu imevimba, macho mekundu.

Mchana ule ikaingia treni ya mizigo kutoka kusini, kwenye nchi za watu ambazo jeshi la Bulgaria lilikuwa limezishika. Mabehewa yamefungwa kwa nje, na ndani mna watu. Vidole vya mwanamke vikatokeza kwenye upenyo wa mbao.

"Maji," akasema. "Baba, maji."

Rangeli akamgeukia askari aliyeilinda treni. "Hawa ni akina nani?"

"Wayahudi. Lakini si wa kwetu hawa. Ni wa ng'ambo ya mpaka."

Bomba la maji lilikuwa hatua ishirini tu. Rangeli akalitazama. Akafikiria kuanza upya kupiga kelele, safari hii peke yake. Alikuwa amechoka, ndugu zangu, amechoka kweli, hakuwa anasingizia. Akainua bendera.

Kesho yake Nisimu akaja na jozi ya viatu vipya. "Sina shukrani ya kutosha, kaka. Mungu atakulipa."

Rangeli hakuvigusa. Akamsimulia habari ya treni. "Nisingeweza kuizuia peke yangu," akasema.

"Labda usingeweza." Nisimu akaviweka viatu chini. "Lakini maji, Rangeli? Uliwapa maji?"



Wabulgaria wanakumbukwa Ulaya kwa kuwa hawakuwatoa Wayahudi wa nchi yao, karibu elfu hamsini, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini wale wa ng'ambo ya mpaka, zaidi ya elfu kumi na moja, walipelekwa wakafe. Msiharakishe kuhukumu. Sisi je? Akifiwa jirani tunachanga, tunakaa matangani, tunabeba jeneza. Vizuri sana. Halafu anakuja mkimbizi, kabila lake hatulijui, jina lake linatushinda kutamka, tunasema: jamani, sisi zamu yetu tumeshaimaliza. Zamu hiyo alitupangia nani?

Mungu anajua kwamba tumechoka. Hajasema kwamba tumemaliza.

Nje ya mlango huu, tangu asubuhi, amekaa mama mmoja na mtoto mgongoni. Mmempita mkiingia. Nami nilimpita, Biblia mkononi. Sala ya mwisho itangoja. Inukeni, tutoke tukamwulize jina lake.