Fisi na Fenesi la Bi Kuchakulo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi na kuombana chumvi, Bi Kuchakulo, yule kindi mdogo, alikuwa na mfenesi nyuma ya jiko. Mti wa kijani mwaka mzima! Majani alilisha mbuzi, utomvu alitegea ndege, na kokwa aliwachemshia wanawe wakashiba.

Siku moja, puu! puu! Fisi huyo, shoka begani. Nyuma mkewe, kajitanda kanga mpya.

"We kidudu! Mti huu naukata. Mke wangu anataka kitanda."

"Na kabati," mkewe akadakia.

Moyo wa Bi Kuchakulo ukadunda du! du! Bila mti ule, wanawe wangekula nini? Lakini akacheka.

"Karibuni, wakubwa zangu! Mtakata mti na njaa? Fenesi hilo limeiva, harufu yaita. Ngojeni nilete mafuta ya nazi, mjipake mikono na midomo kwanza."

"Mafuta ya nini?"

"Aa, desturi yetu sisi wanyonge. Wakubwa kweli hula kavukavu."

Bi Fisi akabinua mdomo. "Mume wangu, ujipake mafuta kama mwali?"

"Mimi? Thubutu!"

Fisi akalipasua fenesi kwa makucha, chwaa! Akatumbukiza uso mzima. Nyam nyam nyam! Utamu, wanangu, ulimlegeza masikio. Mara utomvu ukaganda, taya zikagoma, mikono ikanata kwenye ndevu.

"Mmm! Mmmm!"

Mkewe akamvuta, naye nata! Shavu kwa shavu kama maharusi, mchana kweupe! Aibu hiyo.

Bi Kuchakulo akapiga vigelegele. Majirani wakaja mbio, Nguchiro mbele, maana umbea haumpiti.

"Fisi, mti ni wangu au si wangu? Kama ni wangu, inamisha kichwa majirani waone. Hutaki? Basi kaukeni hapo hapo."

Kichwa cha Fisi kikainama. Cha mkewe kikafuata, kingefanyaje?

Bi Kuchakulo akawapaka mafuta wakaachana, ila mdomo wa Fisi akausahau makusudi.

"Mpumbavu wewe!" mkewe akaanza. "Nani alikutuma ule kavu?" Akamsuta njia nzima hadi nyumbani, mume hana hata mdomo wa kujibu.

Basi, wanangu: anayedharau desturi ya mnyonge, tamaa yake humfunga mdomo.