Bakuli Jekundu Siku ya Sinia

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini bali zamani ya juzijuzi, mitungi ya gesi ilipoanza kuingia Ngamiani katika mji wa Tanga, alikuwepo mjane mmoja jina lake Bi. Mwanakheri binti Mbwana. Alikaa Barabara ya Tisa, na alikuwa na jiko la gesi lenye oveni, la kwanza katika barabara ile.

Nyumba yake ilikuwa na desturi. Mwana wa kiume akioa, siku ya kupeleka sinia kwa bibi harusi, mikate ya mayai lazima iokwe nyumbani kwa bwana harusi, kwa moto wa nyumba hiyohiyo. Haiazimwi kwa jirani, hainunuliwi dukani. Wakati wa makaa ilikuwa hivyo, na wakati wa gesi ikabaki hivyo. Kibiriti cha kuwashia moto huo hakikuwekwa rafuni. Kilifungwa katika pindo la kanga ya Bi. Mwanakheri, kama alivyokifunga mavyaa yake, mama wa mumewe, kabla yake. Mwenye kibiriti ndiye mwenye jiko, na mwenye jiko ndiye mwenye neno katika kila harusi ya ukoo: nani apike, nani apakue, nani atangulie mlangoni.

Bi. Mwanakheri alikuwa na wana wanne. Watatu walikwisha kuoa, na wake zao walikaa naye uani. Wa kwanza ni Siwema binti Hoza, mtu wa Muheza. Wa pili ni Mwasiti binti Jumbe, mtu wa Pangani. Wa tatu ni Chausiku binti Semkiwa, mtu wa Handeni. Majirani walimkata jina wakamwita Chiku, lakini mkwewe hakumwita ila Chausiku. Mwana wa nne, kitinda mimba, ni Mhina, na harusi hii ilikuwa yake.

Asubuhi ya siku ya sinia Bi. Mwanakheri aliwaita wakaza mwana wake watatu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alijua kwamba wakati wa kufungua pindo umefika.

"Wanangu," alisema, "mikate iwe imefika kwa bibi harusi, Barabara ya Kumi na Nne, kabla jua halijazama. Ikifika, kibiriti hiki hakilali tena kwangu. Nitampa mmoja wenu, yule aliyeifikisha."

"Na isipofika, mama?" aliuliza Chausiku.

"Isipofika nitazikwa nacho."

Wakacheka wote, lakini hakuna aliyedhani ni mzaha.

Akagawa kazi. Mwasiti apokee wageni wa Pangani, kisha avunje mayai. Chausiku asimamie watwangaji wa iliki, kwa sababu mikono yake ilikuwa na hina mbichi na haifai kushika kitu. Siwema akapewa kibiriti awashe oveni, maana kanuni ya nyumba ile ilikuwa jiko kupashwa moto kabla ya yai kuvunjwa.

Siwema akafunga kanga yake kemba, akafungua gesi, akawasha. Akarudisha kibiriti kwa mkwewe, akaenda kuchekecha unga.

Sasa jueni jambo moja. Oveni ile haikutumiwa kila siku. Ilitumiwa siku za harusi na siku za Idi, na siku nyingine zote ilikuwa kabati. Nyumba nyingi hufanya hivyo hadi leo, kwa sababu mlango wa oveni haupitishi siafu wala panya. Na ndani ya oveni, asubuhi ile, palikuwa na bakuli jekundu la plastiki lenye mfuniko, limejaa visheti.

Haikupita robo saa, Mwasiti akaonekana anakimbia kutoka barazani, amewaacha wageni na soda zao mkononi. Harufu ilikuwa haijafika uani. Alipofika jikoni, ndipo moshi mweusi ulipoanza kutoka kandokando ya mlango wa oveni. Mwasiti hakupiga kelele. Alifunga gesi kwenye mtungi. Alifungua dirisha la kwanza, akafungua la pili, akawatoa watoto nje. Kisha akafungua mlango wa oveni, akatazama mara moja, akarudi nyuma.

Bakuli halikuwa bakuli tena. Lilikuwa limejimwaga juu ya wavu, likaning'inia kama ute, likateremka mpaka sakafu ya oveni na kuziba matundu ya moto. Visheti vilikuwa vimezama humo kama inzi katika asali.

Bi. Mwanakheri akafika akishika ukuta. Hakuona vizuri, lakini harufu ilimwambia yote. Moyo wake ukaanguka, na uso wake haukubadilika.

Siwema akafika, akajishika kichwa. "Mama, nimeua jiko!"

Akafika Mhina, bwana harusi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, mkononi ana ndoo ya maji. "Pisheni! Pisheni nizime!"

Mwasiti akasimama mbele ya oveni, akatanua mikono. "Hakuna moto hapa wa kuzima. Maji baridi juu ya bati la moto, rangi yake itapasuka. Bwana harusi, rudi ukamalize kunyolewa!"

Siwema akachukua kisu cha nyama. "Basi niache nikwangue."

"Ikiwa laini hivi utaipaka kama siagi. Hapaguswi mpaka papoe."

"Basi tuwashe tena, iungue iishe yenyewe."

"Moshi ule uingie katika mikate, na mikate iingie katika matumbo ya watu? Siwema, weka kisu chini."

Siwema akakiweka.

Dirishani akatokea jirani, Bi. Kidawa binti Chande, pua ameifunika kwa ukaya wake wa kichwani. "Hodi wenyewe! Harusi ya mwaka huu mnachoma ndoo?"

"Tunachoma bakuli," alijibu Bi. Mwanakheri. "Ndoo tumekuwekea wewe."

"Mimi nacheka, lakini kwangu jiko lipo. Leteni unga, mtaoka, na Barabara ya Kumi na Nne hawatajua."

"Sisi tutajua. Ahsante, jirani."

Bi. Kidawa hakuondoka. Kiti cha mbele kama kile hakipatikani kila siku.

Wakangoja. Saa nne ikapiga, jiko likapoa. Siwema akachukua mwiko wa mti, akakwangua. Plastiki ikakatika vipandevipande vidogo juujuu, lakini chini iliganda kama iliyozaliwa na bati. Akasukuma, mwiko ukateleza. Akasukuma tena, ukateleza tena.

Ndipo Chausiku alipoingia, viganja vyake vya hina ameviinua juu kama mtu anayeomba dua. Akainama, akachungulia.

"Baba yangu Semkiwa ni mrina asali," alisema. "Nta ikiingia katika sufuria ya mama, hatukwangui. Nta ya moto huenea, nta ya vuguvugu hung'ang'ania, nta ya baridi huvunjika. Hii nayo ni nta, imetoka kiwandani tu. Leteni barafu."

"Barafu ya wapi saa hizi?"

"Kwa Bwana Zuberi Mnyeto, muuza samaki wa kona. Barafu itiwe katika mfuko wa nailoni uliokuwa wa unga, ufungwe vizuri, maji yasiingie kwenye matundu. Na wavu upelekwe kwake ulale katika jokofu, katikati ya vibua. Mwambieni ni Chausiku amesema, na kesho ana kiti chake cha mbele harusini."

Wakafanya kama alivyosema. Chausiku hakubeba mfuko, hakubeba wavu, ila hakuna kilichowekwa bila yeye kusema. "Sogeza kushoto. Hapo. Geuza. Ngoja." Kila mara alisema ngoja, na kila mara Siwema aliitazama saa ya ukutani.

Saa tano na nusu wavu ukarudi, umefunikwa ukungu mweupe na unanuka samaki. Chausiku akasema, "Upige kidogo kwa mwiko." Siwema akapiga. Ta! Plastiki ikaruka kipande kizima, umbo la wavu limebaki ndani yake kama nyayo matopeni. Hata Bi. Kidawa akapiga makofi dirishani.

Lakini sakafu ya oveni haikuwa wavu. Huwezi kuipeleka kwa muuza samaki.

Hapo Siwema akavua bangili zake, akavua na saa, akalala ubavu juu ya mkeka, akaingiza kichwa na mabega ndani ya oveni. Akaweka barafu, akangoja, akakwangua. Akaweka barafu, akangoja, akakwangua. Kipande kidogo, kipande kidogo. Mwiko wa kwanza ukavunjika ncha, akaletewa wa pili. Matundu ya moto yalikuwa ishirini na manne. Kila tundu alilizibua kwa chelewa iliyochomolewa kwenye fagio, na chelewa ikikatika anaomba nyingine. Bati likamchana kiganja. Akafunga kitambaa, akaendelea. Mwasiti akamwambia, "Siwema, toka nikupokee." Akajibu kutoka ndani, sauti yake kama ya mtu aliye kisimani, "Niliyewasha ni mimi."

Utando wa mwisho, ule mwembamba usiokamatika, aliupaka soda ya kupikia iliyokorogwa kwa maji, akauacha, akausugua kwa kitambaa na ndimu. Saa saba na nusu akatoka. Uso wake ulikuwa mweusi, na bati lilikuwa jeupe.

Wakawasha oveni tupu, madirisha wazi, kujaribu. Bi. Mwanakheri akainama, akanusa. Pua yake ilikuwa haijaingia ukungu. Akanusa juu, akanusa chini, akanusa pembeni.

"Bati," alisema. "Bati na ndimu. Vunjeni mayai."

Saa kumi mikate ilitoka, imeumuka na kuwa na rangi ya dhahabu. Saa kumi na moja sinia lilivuka barabara kwa vigelegele, Mhina amekwisha kunyolewa kichwa kizima. Jua lilipozama mikate ilikuwa imekwisha kuonjwa Barabara ya Kumi na Nne, na jibu likarudi: "Mikate imefika, na mkono uliooka usipungukiwe."

Wakaza mwana watatu wakaja wakaketi mbele ya mkwe wao. Hakuwaita. Walikuja wenyewe.

Siwema akasema, akionyesha kiganja kilichofungwa kitambaa: "Mama, wamesema mkono uliooka. Mkono ni huu. Maneno yalikuwa mengi jikoni, na maneno hayakwangui. Barafu nayo haikwangui. Niliingia ndani ya oveni mimi, nikatoka nayo safi."

Chausiku akasema: "Ulikwangua kabla ya barafu, ukapata nini? Makombo. Wewe ulikuwa na nguvu, hukuwa na njia. Njia niliileta mimi. Hata mkono wa kukodi ungekwangua, mama, lakini akili ya nta haikodishwi."

"Hukugusa hata kijiko!" alisema Siwema.

"Nilikuwa na hina."

"Na mimi nilikuwa na roho."

Mwasiti akasema: "Mnagombania kilichookolewa, hamumkumbuki aliyeokoa. Nani alifunga gesi? Nani alizuia ndoo ya Mhina? Nani alikuambia weka kisu chini? Ningechelewa kidogo, mngekuwa mnakwangua majivu."

Chausiku akamgeukia polepole. "Hilo nataka kukuuliza, da' Mwasiti. Ulikimbia kutoka barazani kabla harufu haijafika. Ulijuaje?"

Mwasiti akasema, "Nilijua bakuli limo. Nilimwona aliyeliweka, jana alasiri."

"Ukanyamaza!" alisema Siwema. "Ukaniacha niwashe!"

"Nilinuia kulitoa mwenyewe kimyakimya. Nikaitwa kwa wageni. Nilipokumbuka nikakimbia. Nawe Siwema, uliwasha bila kuchungulia. Mkono ulikuwa nao. Macho uliyaweka wapi?"

"Nilipewa kibiriti nikaambiwa washa. Kama ulimwona mtu, mtaje!"

Mwasiti akatazama mkeka. Hakumtaja.

Bi. Mwanakheri alisikiliza yote haya bila kuinua kichwa. Aliijua nyumba yake, na alijua kwa nini Mwasiti hasemi. Angeweza kuliacha neno life hapo, na hakuna ambaye angemwuliza. Akakohoa kidogo.

"Nililiweka mimi," alisema. "Visheti vya Mhina. Nilivificha wajukuu wasivimalize, nikasahau. Mwasiti ameona haya kunitaja mbele yenu. Siwema alitii neno langu, nikamtuma motoni. Chausiku ametoa elimu ya baba yake kusafisha kosa ambalo si lake. Kosa la kwanza ni langu, na la kwangu nimelisema. Lakini ahadi nayo ni yangu. Nilisema kibiriti atapewa aliyeifikisha mikate, na mikate imefika."

Akalivuta pindo la kanga. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Kibiriti kikalala kiganjani mwake, na mikono mitatu ikawa mbele yake: mmoja wenye jeraha, mmoja wenye hina, na mmoja mkavu uliomzuia bwana harusi na ndoo yake. Macho hayakumsaidia kuitofautisha, na hakutaka yamsaidie.

Bi. Mwanakheri aliamua, na aliamua jioni ileile. Ila Barabara ya Tisa hawajaacha kubishana mpaka leo, na Bi. Kidawa ndiye anayebisha kwa sauti kubwa kuliko wote. Nanyi mmesikia kila neno waliloambiana. Kibiriti ni kimoja. Yupo aliyezuia, na alijua akanyamaza. Yupo aliyeonyesha njia, na hakugusa. Yupo aliyetoa damu, na ndiye aliyewasha. Je, kama pindo lingekuwa lenu, mngekiweka katika mkono wa nani?