Kidari cha Mzee Anaeli

Hapo zamani, lakini si zamani ya wafalme na majini, zamani ya karibu tu, watu wameshazoea kutembea barabarani wakiongea na simu, daktari mmoja wa Tabora alimwambia Mzee Anaeli kwamba macho yake yanaondoka.

"Yatafika mwaka mpya?" akauliza mzee.

"Siwezi kukuahidi, mzee wangu."

Mzee Anaeli alikuwa fundi reli mstaafu, Mchaga aliyekula ugali wa Tabora miaka arobaini. Akawaita watoto wake, akawaambia: "Nataka kuuona mlima Kibo mara moja tu. Na niingie lile handaki alilochimba babu yangu, walimojificha watu wetu wakati wa vita. Baada ya hapo giza na lije. Atakayenionyesha mlima, nitamkatia kidari kwa mkono wangu."

Wewe unayecheka hapo nyuma, unacheka kwa sababu hujui kidari. Katika ukoo ule, mbuzi akichinjwa kila nyama ina mwenyewe. Kidari, nyama ya kifuani, ni ya mwenye heshima kuliko wote siku hiyo, wala hakigawanywi. Anayekipokea hushika kwanza jani la isale, ule mmea wa mipakani na wa kuombana radhi, aeleze mbele ya watu alilofanya. Na aliyeshika isale hasemi uongo.

Watoto walikuwa wawili, na mkwe mmoja. Aikande, binti mkubwa, mwalimu. Elinami, mdogo wake, dereva wa lori. Na Sikudhani, mke wa Elinami, Mnyamwezi, miaka sita ndani ya ukoo na hajawahi kupewa nyama inayozidi mbavu mbili. Hakulalamika, lakini mbavu zile alizikumbuka moja moja.

Elinami akasema, "Twende Desemba, kama Wachaga wote wanavyorudi kwao kuhesabiwa. Desemba mlima huwa wazi."

Aikande akasema, "Na Desemba macho ya Baba yatakuwa wapi, mdogo wangu? Tunakwenda Agosti."

Basi Aikande akashika daftari, akapanga. Akapiga simu kutafuta nyumba ya kufikia, akapiga simu, akapiga simu. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, ngazi nyingi. Ya pili ilikuwa jirani na handaki, lakini mlima uko mgongoni. Ya tatu ilikuwa nyumba ndogo ya mbao, pale migomba inapoishia na msitu unapoanza.

"Dirisha la chumba cha chini linatazama wapi?" akauliza.

"Dada, dirisha ni dirisha," akajibu mwenye nyumba.

"Toka nje uangalie."

Mwenye nyumba akatoka, akaangalia, akarudi. "Linatazama Kibo."

"Tuandikie siku nne."

Wakasafiri. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ikawa tope, gari likagoma kilometa mbili chini ya nyumba. Elinami akainama mbele ya baba yake. "Panda, Baba." Akambeba mpaka mlangoni. Kesho yake akambeba tena hadi handakini, akashuka naye taratibu kwa zile ngazi za udongo. Mle ndani mzee akapapasa ukuta, akakuta alama za jembe, zote zimeelemea upande mmoja.

"Hapa alichimba mtu wa mkono wa kushoto," akasema. "Babu yangu alikuwa wa kushoto." Akalia bila kuona haya.

Lakini mlima? Agosti, ndugu zangu! Siku ya kwanza wingu. Siku ya pili wingu. Mbega wanaruka kwenye miti, ndege wanaimba, mlima haupo. Aikande alikaa dirishani akalikaripia lile wingu kama mwanafunzi mtoro. Siku ya tatu, wingu tena.

Alfajiri ya siku ya nne, siku ya kuondoka, Aikande na Elinami walikuwa wamelala kwa kuchoka. Sikudhani hakulala. Akamvika mkwewe blanketi, akamkalisha dirishani. Kufikia siku ile mzee aliliona dirisha kama weupe tu.

"Umefunguka?" akauliza.

Sikudhani akatazama nje. Wingu. Akamtazama mzee, uso ameuelekeza kiooni, mikono imekamata blanketi. Roho ikamuuma.

"Umefunguka, Baba."

"Nieleze, mwanangu."

"Theluji imekaa juu kama povu la maziwa kwenye ukingo wa sufuria. Upande wa kushoto imeshuka zaidi. Jua linaigusa sasa hivi, imekuwa rangi ya ganda la kitunguu."

"Na Mawenzi, jirani yake?"

"Iko kulia. Nyeusi, imechongoka, haina theluji."

Mzee akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Kisha akasema, "Nimeuona." Akaamsha nyumba nzima kwa furaha: nimeuona, nimeuona!

Mchana, kabla ya safari, mbuzi akachinjwa, nyama ikachomwa. Mzee akapapasa, akakata kidari mwenyewe. "Sikudhani, mwanangu, njoo. Shika isale."

Sikudhani akashika lile jani. Miaka sita alikuwa ameisubiri siku ile. Akafungua kinywa, akakifunga, akafungua tena.

"Baba, mlima haukufunguka. Nilikuwa natazama wingu. Niliyokueleza ni picha ya kalenda iliyo ukutani kwako, pale ninapooshea vyombo." Akaliweka jani chini. "Mimi sina dai."

Mafuta yalilia kwenye moto. Elinami akawa wa kwanza kusema.

"Basi kidari ni changu. Mlima hakuna aliyemwonyesha. Lakini handaki ni kweli, na mkono wa babu yake ukutani ni kweli. Mgongo huu ndio uliomfikisha. Na ningesikilizwa, tungekuja Desemba, na mlima ungekuwa wazi."

"Desemba ungembeba kipofu," akasema Aikande. "Mimi ndiye niliyekataa kungoja, mimi ndiye niliyetafuta dirisha. Wingu si langu. Bila mimi angekaa Tabora akimtazama daktari."

"Nyamazeni," akasema Mzee Anaeli. "Macho ni yangu. Nilisema nimeuona, na nimeuona. Mawenzi ilikuwa kulia, hivyo hivyo nilivyoiacha ujanani. Lakini sasa nasikia sauti tatu, na kidari ni kimoja. Yupi kati yenu amenionyesha mlima?"

Mzee amenyoosha mkono na ile nyama, haoni walipokaa, na nyama inapoa. Nawe umekaa hapo unanitazama kana kwamba hayakuhusu. Inuka, umshike mzee mkono. Je, utauelekeza kwa nani?