Wavu wa Kwanza wa Kwasenga

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza. Ndege ninayemtaja ni furukombe, mla samaki mwenye kichwa cheupe. Msimwite mwewe, mwewe ni mwingine.

Kwasenga, kando ya ziwa, furukombe wakianza kuatamia, nyavu hutundikwa. Havui mtu mpaka kinda liruke. Siku hiyo aliyelinusuru hutupa wavu wa kwanza, na mahali unapotua huwa pa kuvulia pa nyumba yake mpaka kinda lijalo. Hutupwa na mtu mmoja tu, tena kabla kinda halijarudi kiotani. Wakichelewa, ziwa hubaki limefungwa.

Mwaka mmoja walikuwapo watatu. Nanzighe, mjane, aliweza kuhesabu manyoya ya ndege aliye ng'ambo. Sekiete, mtega kware, aliiga sauti ya ndege yeyote. Mgonja, mrina asali, hakushindwa na mti, hata wenye miiba.

Siku ya tisini tangu nyavu zitundikwe, unga ukiwa wa kukwangua mitungini, furukombe alitua kando ya kiota. Watu wakashangilia, "Baba karudi!"

"Siye," akasema Nanzighe. "Baba ana pengo bawa la kushoto. Huyu ni mgeni, anakitaka kiota. Ataliua kinda!"

Mara baba mwenyewe akatokea. Wakakamatana kucha hewani, wakaanguka mateteni. Akainuka mgeni peke yake. Hapo Sekiete akaingia majini mpaka kiunoni, penye viboko, akalia kama furukombe jike anayeita mume. Mgeni akageuka, akaifuata sauti ile mpaka mbali, na baba akapata nafasi ya kujikokota nchi kavu.

Lakini katika vurugu kinda lilisukumwa. Likawa linaning'inia kwenye kijiti; Nanzighe akaliona wa kwanza, akapaza sauti. Mgonja akaupanda mgunga. Mama wa kinda, asiyejua rafiki wala adui, akamchana mgongo. Mgonja hakuachia. Alilirudisha.

Wiki tatu baadaye kinda likaruka. Bi Naetwe, mtunza nyavu, akasimama ukingoni. "Nani? Semeni upesi!"

"Bila macho yangu," akasema Nanzighe, "mngempigia mwizi vigelegele."

"Na macho yako yangemfukuza?" akauliza Sekiete. "Ungemkonyeza?"

"Wewe nyamaza, ulimtongoza ndege!"

Watu wakacheka kidogo, wakakoma. Mgonja akavua shati, akawageuzia mgongo. "Semeni na huu."

"Mgonja, mwanangu," akasema Nanzighe taratibu, "nani alikuambia upande?"

Watoto walikuwa wamekaa chini, sufuria tupu magotini. Juu, kinda lilizunguka mara ya pili, kisha ya tatu, chini zaidi, mabawa yakitetemeka. Likageukia mgunga wenye kiota.

Bi Naetwe ameunyosha wavu. Je, wewe ungeuweka mkononi mwa nani? Usifikiri sana, kinda limeshateremsha miguu.